Makopo ya Damari

Mwezi wa tano, pale Mungaa, hakuna mtoto anayeamka akiwa ameshiba usingizi. Uwele ukishaanza kukomaa, kwelea kwelea huja kwa makundi, na ndege hao hawana Jumapili wala sikukuu. Wanaamka mapema kuliko watu. Kwa hiyo nawe inabidi uamke kabla yao, unawe uso kwa maji ya baridi, ujifunge khanga na kwenda shambani ukiwa bado unapiga miayo. Ukitoka shule unarudi huko huko mpaka jua lizame. Kazi hiyo inaitwa kuamia ndege, na anayesema ni kazi nyepesi hajawahi kuifanya.

Damari alikuwa darasa la sita, na alikuwa amechoka. Tuseme ukweli, kijiji kizima kilikuwa kimechoka. Mama yake, Theodora, ambaye watu walizoea kumwita Mama Elisha kwa jina la mtoto wake wa kwanza, alikuwa anasinzia hata akiwa anasonga ugali. Baba alikuwa mbali, Mitundu, kwenye vibarua, na angerudi wakati wa mavuno. Shamba lile la uwele ndilo lilikuwa chakula chao cha mwaka mzima. Kila punje iliyoingia mdomoni mwa ndege ilikuwa imetoka kwenye chungu chao.

Asubuhi na jioni kila nyumba ililinda shamba lake, na aliyelinda alikuwa mtoto. Saa za shule, watu wazima walipokezana kulinda mashamba yote kwa pamoja. Mzee Alute, ambaye shamba lake lilikuwa juu kidogo, ndiye aliyepanga zamu hizo. Jirani yao wa karibu, Bibi Anastazia, hakuweza kushika zamu kwa sababu miguu ilikuwa inamvimba. Wengine walimshikia bila kinyongo, alimradi mjukuu wake Chediel, aliyekuwa darasa la saba, afanye sehemu yake asubuhi na jioni. Kati ya shamba la bibi huyo na la akina Damari palikuwa na njia ya miguu tu.

Katikati ya shamba la akina Damari palisimama dungu, jukwaa la miti ambalo mlinzi hukaa ili aone mbali. Kutoka hapo kamba zilitandazwa kila upande, na kwenye kamba yalining'inizwa makopo matupu yenye vijiwe ndani. Ukivuta kamba, makopo yote yanalia na ndege wanaruka. Wakikaidi, unapiga kelele. Wakizidi kukaidi, unateremka na kuwakimbiza mpaka miguu iwake moto.

Juu ya dungu lile palikuwa na jambo lingine zuri: mtandao wa simu ulishika. Nyumbani haukushika kabisa. Kaka yake Damari, Elisha, aliyekuwa anajifunza ufundi wa pikipiki Singida mjini, alikuwa amemletea mama simu yake ya zamani ili aweze kuongea na baba. Basi kila Damari alipokwenda shambani, mama alimkabidhi simu.

"Baba yako akipiga, pokea, umsalimie," alimwambia. "Umwambie tuko salama, ndege ndio wanatusumbua."

Lakini baba alipiga mara chache, na ndani ya simu ile Elisha alikuwa amesahau kitu. Au labda hakusahau, maana na yeye bado ana utoto mwingi. Kulikuwa na gemu ya kucheza dansi. Wachezaji wake walikuwa vibonzo wale wale unaowaona kwenye mabegi ya shule na kwenye televisheni za madukani, wanaojulikana hata na watoto wa chekechea: Bonge, kiboko mwenye suruali ya mistari, Madoido, twiga anayevaa skafu, na Bi Kidoti, kanga mwenye miwani mikubwa. Muziki ukianza, miduara ya rangi ilishuka kwenye kioo. Ukiigusa ilipofika kwenye mstari, sawasawa na mdundo, Bonge alizungusha kiuno na umati ukamshangilia. Ukichelewa kidogo tu, alijikwaa, akaanguka kwa makalio na kulia machozi makubwa.

Damari hakupenda kumwona Bonge akilia. Kila siku alisema atacheza wimbo mmoja tu. Unajua mwenyewe wimbo mmoja unavyokuwa.

Shida ilikuwa mikono. Gemu ilitaka vidole vya mikono yote miwili, na kamba ya makopo nayo ilitaka mkono. Damari alijaribu kuacha hiki ashike kile, na Bonge akaanguka ovyo. Ndipo siku moja alipotazama mguu wake. Mguu ulikuwa unapigapiga ubao wa dungu wenyewe, bila kuambiwa, kufuata muziki. Akachukua ncha ya kamba, akaifunga kwenye kidole gumba cha mguu na kuanza wimbo upya.

Chaka-chaka, chaka-chaka. Makopo yakalia shamba zima, sawasawa na mdundo, na mikono yake ikabaki huru. Damari alicheka peke yake kule juu. Ndege waliruka, Bonge alicheza, na kazi ilikwenda. Alijiona ana akili kuliko watoto wote wa Mungaa.

Sifa nazo hazikuchelewa. Jioni moja Mzee Alute alipita njiani akiswaga mbuzi wake, akasimama mbele ya mlango.

"Mama Elisha, huyu binti yako hachoki?" aliuliza. "Makopo yake nayasikia mpaka kwangu. Hayapumziki!"

"Ni mtoto wa kazi," mama alijibu, na uso wake uliochoka ukang'aa kidogo. Damari aliinama kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Upande wa pili wa njia, Chediel hakuwa na makopo. Kamba zake zilikuwa zimeliwa na panya. Alikuwa na kombeo, miguu na sauti. Alikimbia kutoka kona hii hadi kona ile akipiga mayowe, siku baada ya siku, mpaka koo likamkauka. Mwisho wa wiki sauti ilikuwa imekwisha kabisa. Akifungua mdomo, ulitoka mkwaruzo tu.

Jumamosi hiyo Damari alifika hatua ambayo Bonge anacheza mbele ya mfalme wa wanyama. Alivaa hedifoni ili asikie mdundo vizuri, akafunga kamba mguuni, na kuinama juu ya simu. Chaka-chaka, chaka-chaka. Alishindwa, akarudia. Alishindwa tena, akarudia tena. Jua lilipanda na yeye hakuinua macho.

Mama alikuja na uji. Alipokaribia shamba alisimama ghafla, na kile kikombe cha uji kikainama mkononi mwake mpaka kikamwagika. Upande wote wa shamba unaopakana na Bibi Anastazia ulikuwa umekwisha. Masuke yaliyokuwa manene jana yalibaki vijiti vitupu, na chini pametapakaa makapi.

Damari aliposikia anaitwa, alivua hedifoni haraka, akafungua kamba na kuficha simu ndani ya khanga. Alitegemea makelele. Mama hakupiga kelele. Alikaa chini, pale pale kwenye vumbi, akayatazama yale mabua kwa muda mrefu. Ni afadhali angegomba.

"Damari," alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu aliyebeba mzigo tangu alfajiri. "Ulikuwa macho?"

"Nilikuwa napiga makopo, mama. Asubuhi nzima."

Hapo hakusema uongo hata neno moja.

"Ni kweli," mama alisema. "Hata mimi niliyasikia."

Mzee Alute naye alifika, na majirani wengine nyuma yake. Bibi Anastazia alijikokota kwa fimbo yake. Chediel alitokea mwisho, jasho linamtiririka, kombeo mkononi.

"Makopo ya huyu binti tumeyasikia wote," alisema Mzee Alute. "Lakini wewe kijana leo hatujakusikia kabisa. Ndege wameingilia upande wako. Ulikuwa umelala?"

Chediel alifungua mdomo. "Hapana, babu. Nilikuwa kule kona ya chini, nakimbia..." Sauti ilikatika.

"Unakimbia kimya kimya? Nani anaamia ndege kimya kimya?"

Chediel alijaribu tena, lakini sauti haikutoka. Watu walitikisa vichwa. Walikuwa wamechoka, na mtu aliyechoka hana subira ya kusikiliza mkwaruzo. Mzee Alute akatoa uamuzi. Watu wazima wasingelinda tena shamba la Bibi Anastazia saa za shule, maana hawawezi kumbebea mtu anayelala. Chediel angekaa shambani kutwa mpaka mavuno.

"Jamani, wiki ijayo ana mtihani wa majaribio," Bibi Anastazia alisema kwa unyonge. Kisha akamgeukia mjukuu wake, akasema naye kwa Kinyaturu, polepole, na Chediel akainamisha kichwa.

Damari alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka kwao. Angeweza kusema. Simu ilikuwa bado ina joto ndani ya khanga yake. Lakini alifikiria uso wa mama, na sifa za Mzee Alute, na simu itakayochukuliwa, akabana midomo. Aliona aibu, na akaitazama ardhi.

Jumatatu dawati la Chediel kule darasa la saba lilikuwa tupu. Jumanne pia. Damari alisikia walimu wakiulizana, akajifanya anafunga kamba za viatu. Shambani hakugusa gemu. Alivuta kamba kwa mkono, lakini mkono ulikuwa mzito, na kila alipotazama ng'ambo ya njia alimwona Chediel akitembea kati ya mabua, juani, mdomo umepasuka kwa kiu. Usiku usingizi alikuwa nao tele, ila haukumpumzisha.

Jumanne hiyo jioni Chediel alimsubiri kwenye njia. Alikuwa amebeba kamba mpya ya katani na makopo mawili ya rangi. Sauti ilikuwa imeanza kurudi, lakini ilikwaruza bado.

"Damari, nifundishe," alisema.

"Nikufundishe nini?"

"Kupiga makopo kama wewe. Bibi amenitafutia kamba. Nikiweza kuyapiga bila kupumzika kama unavyofanya, labda Babu Alute atanihurumia, nirudi shule. Wewe mikono yako haichoki? Unafanyaje?"

Aliuliza kwa moyo safi kabisa. Hakuwa na kejeli hata chembe. Angemtukana, Damari angejua la kujibu. Lakini alitazama yale makopo mawili, na ile kamba iliyofungwa vizuri na vidole vya bibi kizee, na machozi yakamtoka. Alikimbia kurudi nyumbani bila kumjibu.

Mama alikuwa anapepeta mtama uani. Damari alipiga magoti mbele yake na kuyasema yote: gemu, Bonge, kamba iliyofungwa mguuni, hedifoni, Jumamosi. Alisema mbio mbio kama mtu anayetapika. Alipomaliza, ungo ulikuwa umetulia mapajani mwa mama.

"Chediel anajua?" mama aliuliza.

"Hapana. Anataka nimfundishe, mama. Anadhani mimi ni hodari."

Mama alifumba macho kidogo. Damari alidhani atachapwa, na kwa kweli alitamani achapwe yaishe. Lakini mama aliweka ungo chini, akasimama kwa kushikilia kiuno, na kusema, "Chukua hiyo simu. Twende."

"Wapi, mama?"

"Shambani. Utanionyesha ulivyokuwa unafanya."

Njiani mama alipita kwa Mzee Alute na kwa Bibi Anastazia, akawaomba wafuatane naye. Chediel alikuwa tayari kule. Ilikuwa ile saa ya jioni ambayo ndege hurudi kula mara ya mwisho. Damari aliwaamkia wazee, "Shikamooni," kwa sauti ndogo, akapanda dungu, akafunga kamba kwenye kidole gumba mbele ya macho yao. Hakuna aibu aliyowahi kuipata kushinda hiyo.

"Cheza kama siku ile," mama alisema kutoka chini. "Usiinue macho mpaka nikuite."

Mwanzoni Bonge alianguka mara kadhaa. Kisha wimbo ulimchukua. Chaka-chaka, chaka-chaka. Makopo yakalia safi, bila kukosea. Kule njiani wazee walisimama bila kusogea.

"Sasa tazama," mama alisema.

Damari aliinua macho. Shamba lilikuwa limejaa kwelea. Walikuwa wamening'inia kwenye masuke, wanakula kwa utulivu. Makopo yalilia, na wao walikula. Mmoja alikuwa ametua juu ya kamba yenyewe, karibu kabisa na kopo, anabembea. Mguu wa Damari ulipovuta, alipanda. Ulipolegea, alishuka. Hakuonekana kuwa na wasiwasi wowote.

"Wamezoea," Mzee Alute alisema kwa mshangao. "Wanajua kopo litalia lini, na wanajua hakuna mtu anayekuja. Mimi niliyasikia makopo nikaridhika. Nao waliyasikia wakaridhika."

Chediel hakuweza kuvumilia kuona uwele ukiliwa huku watu wanaongea. Aliruka njia, akaingia kati ya mabua mikono juu, kimya, akizungusha kombeo. Kundi lote liliinuka kwa mkupuo, likatia giza, likapotea upande wa machweo. Alisimama kule katikati akihema, na sauti yake haikusikika hata kidogo.

Mzee Alute alivua kofia. Alimsubiri kijana arudi, kisha akasema, "Mjukuu wangu, nimekukosea. Nilisikiliza kelele, sikuja kuangalia. Kesho nenda shule. Zamu za bibi yako zinarudi kama zilivyokuwa."

Chediel alimtazama Damari aliyekuwa anateremka kwenye dungu, akaelewa.

"Kumbe hata wewe ulikuwa hujui kwamba wanakula," alisema.

"Nilijua sikuwa naangalia," Damari alijibu. "Nilinyamaza walipokulaumu. Nisamehe, Chediel. Na wewe, bibi."

Bibi Anastazia aliegemea fimbo yake. Hakuwa na haraka ya kusamehe, na hakulazimika kuwa nayo. Mwishowe alisema, "Jioni, Chediel akiwa anasoma kwa ajili ya mtihani wake, nani atalinda kwangu?"

"Mimi, bibi. Nitalinda pande zote mbili."

"Haya. Uje na miguu yako, hayo makopo baki nayo."

Giza lilipoanza kuingia, mama na mtoto walirudi nyumbani polepole. Mama alitembea mbele kwa muda, kisha akapunguza mwendo mpaka wakawa sambamba.

"Gemu yenyewe sina ugomvi nayo," alisema. "Hata mimi ningekuwa na umri wako ningempenda huyo kiboko. Utacheza nyumbani, kazi ikiisha. Na uwele ulioliwa umeliwa, tutapunguza ugali kila siku, na wewe utaelewa kwa nini. Lakini sikiliza, mwanangu. Siku ile uliniambia ulikuwa unapiga makopo, na mimi nikaamini kwamba unalinda shamba. Ulijua nimeamini kisichokuwepo, ukaniacha niamini. Huo ni uongo, hata kama kila neno lilikuwa la kweli. Tena uongo wenyewe haukukuumiza wewe, ulimwangukia mtoto wa mwenzangu. Ukifanya kazi, ifanye kwa macho na akili yako, siyo ili watu wasikie kwamba upo. Na ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajabeba mzigo wako."

"Ndiyo, mama."

"Sasa tembea. Nimechoka."

Asubuhi Damari alikuwa juu ya dungu kabla ya ndege. Alivuta kamba mara moja, akanyamaza. Akaivuta tena pale tu ndege walipokuwa wanadhani amelala. Akateremka, akakimbia mpaka mpakani, akavuka njia na kuzunguka shamba la Bibi Anastazia, akarudi. Alimwona Chediel akipita na begi lake la shule, na kwa mbali Chediel aliinua mkono.

Simu ikalia. Alikuwa baba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Mnaendeleaje? Mama yako aliniambia wiki iliyopita kwamba kwa makopo hakuna anayekushinda hapo kijijini."

Mama hakuwa amempigia tena baba tangu Jumamosi. Baba hakujua lolote, na wala hakuuliza.

"Yalikuwa yanalia tu, baba. Mimi nilikuwa nacheza gemu. Ndege wamekula upande mzima, na Chediel akalaumiwa kwa ajili yangu. Nimeshasema kwa mama na kwa wote."

Kutoka Mitundu Damari alisikia mtu akishusha pumzi ndefu, pumzi ya baba aliyefanya kibarua tangu masika.

"Basi sasa angalia," baba alisema.

"Naangalia, baba. Ngoja nikate, wanakuja."

Akaiweka simu, akateremka kwenye dungu na kukimbia.